TAHARIRI: Baiskeli bila vipuri ni pambo, mawaziri wa fedha waliangalie hili kwa pamoja

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika barani Afrika, ingawa chombo kinachoyasimamia, UCI, kilianzishwa mwaka 1900. Siku ya kufunga, wanaume walishindana kwa kilomita 267.5, wakipanda na kushuka vilima vya Kigali, na ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeibuka bingwa.

Rwanda ilistahili heshima ile. Imeyajenga mashindano yake, Tour du Rwanda, mwaka hadi mwaka, na tangu 2009 yamo katika kalenda ya kimataifa. Majirani nao walifurahi, kwa sababu ugeni ule ulikuwa wa Afrika Mashariki yote.

Sasa wageni wamerudi kwao, na baiskeli zao wamerudi nazo. Kijana aliyesimama pembeni ya barabara ya mawe ya Kimihurura, akaamua moyoni kwamba naye atakuwa mwendesha baiskeli, amebaki na swali dogo ambalo hakuna hotuba iliyolijibu: mnyororo ukikatika, atanunua wapi mwingine?

Swali hilo linahusu nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gazeti hili linaona kwamba kikwazo kikubwa cha mchezo wa baiskeli katika ukanda wetu, baada ya umaskini wenyewe, ni upatikanaji wa vipuri na vifaa vya usalama. Vipaji tunavyo. Milima tunayo. Hata baiskeli zenyewe huja, nyingine kwa msaada wa wafadhili, nyingine katika makontena ya mitumba. Zinachokosa ni mnyororo wa pili, tairi la tatu na breki za mwaka unaofuata.

Wasomaji wengi wanaijua baiskeli ya kazi. Ni ile ya Phoenix, Hero au Avon, nyeusi, nzito, yenye uzito wa karibu kilo 20, ambayo Kenya huitwa Black Mamba. Hiyo haina shida ya vipuri. Ukiwa Shinyanga, Kisumu, Mbale au Gitega, fundi wa chini ya mti anayo tyubu, anazo spoku, anacho kila kitu. Soko limeizoea kwa miongo mingi, na kila kijiji kina mtu anayeijua.

Baiskeli ya mbio ni jambo jingine. Rimu ya baiskeli nyingi za kazi ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, na ile ya mbio ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini inatosha kulifanya tairi la sokoni lisiingie. Mnyororo nao ni hivyo hivyo. Pini za minyororo yote miwili hupishana kwa milimita 12.7, ila mnyororo wa baiskeli ya mizigo ni mpana mno kupita katika gia 11 au 12 za baiskeli ya kisasa. Breki za diski, ambazo UCI iliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani mwaka 2018, zinahitaji pedi na mafuta ambavyo fundi wa kijijini hajawahi kuviona.

Mnyororo si kitu cha kudumu. Ukirefuka kwa asilimia 0.75 tu unapaswa kubadilishwa, kwa kuwa ukiachwa hutafuna meno ya gia za nyuma, na gia hizo ni ghali kuliko mnyororo wenyewe. Kijana anayefanya mazoezi kila siku kwenye vumbi na matope hufikia hapo mapema. Asipopata mnyororo mpya kwa bei anayoimudu, ataendelea na uliochakaa mpaka uharibu gia. Baada ya hapo baiskeli nzima huegeshwa ukutani. Ndivyo baiskeli za msaada zinavyogeuka mapambo.

Hali ni nzito zaidi kwenye kofia ngumu. UCI ilizifanya za lazima kwa waendeshaji wa kulipwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka katika mbio za Paris-Nice na kufariki dunia. Ndani ya kofia hiyo kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea ili fuvu lisibonyee. Likishabonyea mara moja, limemaliza kazi. Kofia ya mitumba inaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali imeshaanguka na mwenyewe huko ilikotoka, na mnunuzi hana namna ya kujua. Tunapowaacha vijana wetu wateremke milima ya Kigali, Iten au Mbeya na kofia za namna hiyo, tunabahatisha na maisha yao.

Tuje kwenye kodi. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza mwaka 2005 kwa ushuru wa pamoja wenye ngazi tatu: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Juu ya ushuru huo kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16, na Uganda na Rwanda ni asilimia 18. Kisha huja ada nyingine, usafiri wa kutoka bandarini, na faida ya mwenye duka.

Ushuru ni wa pamoja, lakini kila mwaka nchi moja moja huomba ruhusa ya kuuweka kando kwa bidhaa fulani na kutumia kiwango chake. Matokeo yake kitu kimoja kinaweza kuwa na bei mbili pande mbili za mpaka mmoja. Zaidi ya hapo, mnyororo uliotengenezwa Asia na kulipiwa ushuru Mombasa haugeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Duka la Nairobi likimuuzia mwendeshaji wa Bujumbura, mzigo huo huweza kudaiwa ushuru tena unakofika. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hakimsaidii huyu, kwa kuwa bidhaa yake haikuzalishwa kwetu.

Wenye maduka wanalijua hili, ndiyo maana hawaagizi vipuri vingi. Soko la nchi moja ni dogo mno kumfanya mtu afunge fedha katika minyororo ya gia 12 na kusubiri wateja. Jumuiya yenye watu zaidi ya milioni 300 ni soko la kutosha, lakini kwa bidhaa hii bado halijawa soko moja.

Yapo maoni tofauti, na yana uzito. Maofisa wa mapato watasema kwamba serikali zinahitaji kila shilingi na kila faranga, na kwamba baiskeli za kisasa ni starehe ya wenye nacho: daktari, mwanasheria au meneja wa benki anayepanda baiskeli Jumapili asubuhi barabara zinapofungwa kwa magari, kama Kigali inavyofanya mara mbili kwa mwezi. Kwa nini mkulima wa mihogo asamehe kodi ya mtu huyo?

Tunakubali sehemu ya hoja hiyo. Anayetaka fremu ya kaboni yenye bei ya gari na gia zinazobadilishwa kwa umeme, alipe ushuru kamili. Hatumwombei nafuu. Tunachoomba kinahusu vitu vinavyochakaa na vitu vinavyookoa maisha: mnyororo, gia za nyuma, tairi, tyubu, pedi na nyaya za breki, kofia ngumu na taa. Hivyo daktari wa Jumapili anavihitaji, kijana wa klabu anavihitaji, na mwendesha baiskeli wa mizigo anavihitaji vilevile. Tena ni yule daktari, kwa kununua mara kwa mara, anayeweza kuliweka hai duka ambalo kijana wa klabu atalitegemea. Wapenzi wa baiskeli wa mijini ni washirika wa mchezo huu, na wasibezwe.

Upande wa mavazi habari ni njema zaidi, maana hapo hatuhitaji kusubiri meli. Jezi ya baiskeli ni kitambaa chepesi kinachokauka haraka, chenye mifuko mitatu mgongoni. Bukta yake ina sponji inayozuia vidonda kwa mtu anayekaa kitini saa tano. Watu huicheka kwa kubana kwake, lakini ni kifaa cha kazi kama gwanda la mchimba madini. Viwanda vya nguo vya Athi River vimeshona kwa miaka mingi mavazi ya kuuzwa Marekani, na Kigali kuna viwanda vya nguo katika eneo lake maalumu la kiuchumi. Hakuna sababu ya vyama vya baiskeli vya nchi nane kuagiza jezi kutoka mabara mengine, kila kimoja kivyake, huku mafundi wetu wakitafuta kazi.

Kushona nyumbani kuna faida nyingine. Wasichana wengi, wa Zanzibar, Lamu au Mogadishu na hata wa bara, wangependa mavazi ya baiskeli yanayositiri mikono na miguu bila kunasa kwenye mnyororo. Kiwanda cha mbali hakimfikirii mteja huyo. Fundi wa hapa anamjua, kwa kuwa ni dada yake au binti yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, katika mashauriano yao ya kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha wa Jumuiya wakubaliane kuweka vipuri vinavyochakaa na vifaa vya usalama vya baiskeli katika ngazi ya chini kabisa ya ushuru wa pamoja, na nchi yoyote isiombe kujitoa. Nafuu ya nchi moja itazalisha magendo tu. Nafuu ya nchi nane itazalisha soko.

Pili, timu zinazovuka mpaka kwenda kushindana zipewe utaratibu mmoja mwepesi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu vitu kuingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa masharti ya kuvirudisha. Kinachotakiwa ni karatasi moja inayotambulika Namanga, Rusumo, Gatuna, Malaba na Kavimvira, yenye namba za fremu na majina ya waendeshaji, ili klabu ya Mwanza iende Kigali bila kulala mpakani.

Tatu, mashirika ya viwango yakubaliane juu ya kiwango kimoja cha kofia ngumu na breki, na kofia za mitumba zizuiwe. Bei ikishuka kwa kofia mpya, hakutakuwa na kisingizio cha kununua iliyotumika.

Nne, vyuo vya ufundi, VETA ya Tanzania na wenzake katika nchi jirani, viwe na kozi fupi ya baiskeli za kisasa. Fundi aliyekwisha kuishi na Phoenix kwa miaka 20 hahitaji kufundishwa upya kila kitu. Anahitaji wiki chache na vifaa sahihi, naye ataongeza kipato chake.

Mapendekezo haya hayahitaji mabilioni wala mkutano wa wakuu wa nchi. Yanahitaji maofisa wachache kukaa meza moja na orodha ya bidhaa mkononi.

Ukanda huu umeshaona gharama ya kuchelewa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mchezo huu chini ya David Kinjah katika vitongoji vya Kikuyu. Alikuja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, akiwa na leseni ya Uingereza. Kwa upande mwingine, Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ambayo baiskeli ni sehemu ya maisha ya kila siku, alishinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kutwaa jezi ya kijani. Kipaji cha Afrika hakina shaka tena. Kinachotofautisha ni mazingira kinamokulia, na vipuri ni sehemu ya mazingira hayo.

Tukumbuke pia kwamba baiskeli ilitangulia kuunganisha nchi zetu kabla ya mikataba. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, pale vijana wenye baiskeli walipobeba abiria na mizigo kutoka kituo cha Uganda hadi cha Kenya na kurudi. Goma wana chukudu yao ya mbao, inayobeba viazi na makaa mpaka leo. Watu hawa walifanya biashara ya kuvuka mpaka wakati serikali zilikuwa bado zikiandika rasimu.

Juni 3 kila mwaka ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, mawaziri wetu wa fedha husimama bungeni kusoma bajeti. Safari hii wasitupe hotuba ya kusifu mazoezi na hewa safi. Watuoneshe mstari mmoja katika jedwali la ushuru, unaofanana katika nchi zote nane, wenye maneno "vipuri vya baiskeli na kofia ngumu".