Tusidanganyane: Kupeleka Vitu kwa Mama Siyo Kupanga Chumba

Wiki hii kuna staa mmoja wa hapa Bongo (jina kapuni, maana mashabiki wake ni wakali) katupia video anatuonyesha chumba chake cha kulala. Kitanda kikubwa, shuka nyeupe, taa huku na huku, sakafuni hamna hata ndala. Eti kaondoa kila kitu kilichokuwa kinamnyima amani. Wadada wa Moshi tumeishea mpaka bando likaisha. Mimi nikabaki na swali moja tu: hivyo vilivyoondolewa viko wapi?

Nauliza kwa sababu vyangu najua viko wapi. Vilikuwa kwa mama, Kibosho.

Mwenzenu nimepanga chumba kimoja Pasua. Humo humo jikoni, humo humo sebuleni, na ndio stoo ya mitumba ninayochagua Memorial na kuuza WhatsApp. Kitanda cha tano kwa sita kinakula nusu ya chumba, kina chaga mbili zimevunjika (hapo nasema za kitanda, kabila langu liko salama), mtungi wa gesi uko miguuni, ndoo za maji nyuma ya mlango. Uvunguni mabegi manne. Ikifika masika, kuanzia Machi, nguo za uvunguni zinashika ukungu, chumba kizima kinanuka uvundo, napiga chafya usiku kucha. Chandarua nacho siwezi kukichomekea chini ya godoro sababu ya mabegi, kwa hiyo mbu wanaingia kama wamealikwa harusini. Yaani nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Basi nikaangalia kile kipindi cha Marie Kondo, yule mama wa Kijapani, kilichotoka Netflix mwaka 2019. Anakwambia shika kila kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha, kama hakikupi kiage kwa heshima. Nikashika pasi yangu iliyoungua. Furaha sikuiona, nilichokumbuka ni bei niliyonunulia. Utaiagaje? Kwa hiyo sikuaga kitu. Nilijaza viroba viwili na yale mabegi manne, nikapanda Hiace ya Kibosho, konda akanitoza nauli ya mizigo kama nimebeba watu, nikashusha vyote kwa mama. Nikamwambia, "Mama, niwekee tu kidogo, nitakuja kuvichukua." Akasema, "Haya mwanangu, weka hapo."

Usiku ule nililala fofofo. Nikapost picha ya kabla na baada. Watu wakaniomba siri.

Ikaja Desemba. Kwa msio wa huku, Desemba ndio Wachaga tunapanda mlimani, wenyewe mnatutania eti tunaenda kuhesabiwa. Dada yangu alikuja na watoto wawili kutoka Dar. Tukataka kuwalaza watoto chumbani kwa mama, nikafungua mlango. Jamani.

Kutoka mlangoni hadi kitandani palibaki kinjia cha kupita mguu mmoja. Friji bovu la kaka. Kabati la dada lisilo na mlango. TV ya chogo ambayo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho iliwaka lini. Na mabegi yangu manne, na viroba vyangu, juu yake nguo za mama zimekunjwa kwa sababu kabatini kwake tumemjazia vyombo vyetu. Nusu ya kitanda ilikuwa mizigo. Mwenye nyumba analala ukingoni.

Alikuwa amefunga kitambaa mkononi. Nikamuuliza, akasema aliteleza tu. Binti anayekaa naye ndiye aliniambia pembeni kwamba mama aliamka usiku kwenda chooni, umeme umekatika, akajikwaa kwenye begi. Begi lenyewe la bluu. Langu.

Sasa najua mtaniambia kijijini nafasi ipo. Ipo wapi? Kihamba kinagawanywa kila kizazi, na nyumba ya mama ina vyumba vitatu tu. Halafu kule juu baridi na unyevu ni kuliko mjini, kwa hiyo kitu ulichokitunza mwaka mmoja unakikuta kimeoza na mama kakilinda mpaka kimeoza. Mwingine atasema wazee wenyewe hawapendi kutupa. Kweli. Mama yangu ana mifuko ya rambo chini ya godoro mpaka leo, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Lakini ile ni yake, kaiweka mwenyewe, na haimwangushi. Sisi tunamletea vya kwetu, halafu tunarudi mjini kuandika kwamba tumepata amani. Na hatakwambia vimemjaa. Ukimuuliza atasema acha tu, vikae.

Tarehe 27 nilitoa vyote nje uani. Sikushika kitu kujiuliza furaha. Cha kuuza huku, cha kugawa huku, kilichokufa kule. Friji na TV nikamwitia kijana wa chuma chakavu, akaja na mzani wake. Nguo ambazo hazijaota ukungu nikawapa majirani. Pasi, nikaiaga.

Kaka amenuna. Kaandika kwenye grupu la familia kwamba friji lilikuwa linahitaji gesi tu, kwa nini sikumuuliza. Lilihitaji gesi tu kwa miaka minne. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila zetu ndiye atakayebaki na nyumba ya wazazi, hakuandika kitu, ila alinitumia elfu kumi ya soda. Nipigeni mawe mkitaka, ningerudia tena kesho. Siku hizi kitu kikitoka chumbani kwangu Pasua hakipandi mlima: kitauzwa, kitagawiwa, au kitaingia kwenye gari la taka hapa hapa mjini nikikiona kwa macho yangu. Na kama sina roho ya kukiachia, basi nalala nacho mimi.

Mama alikaa kwenye kigoda muda wote ananiangalia, hasemi. Jioni tulipopiga deki akainuka, akachungulia kwenye rundo la kuchoma, akachomoa boksi moja. Daftari zangu za fomu tu, zile za hesabu, zimejaa kalamu nyekundu.

"Hili linabaki," akasema, akalipandisha mwenyewe juu ya kabati kwa ule mkono mzima.