Pori la umma linahitaji nyayo za umma

Anayejua kucheza drafti anajua kwamba kete haiendi mbele moja kwa moja wala haiendi kando. Hukata mshazari, kutoka mraba mweusi hadi mraba mweusi, ikipita palepale pembe zinapokutana. Eneo kubwa la kusini mwa jimbo la Wyoming, magharibi mwa Marekani, limekatwa kwa mtindo huohuo. Katika karne ya 19 serikali ilizipa kampuni za reli ardhi ili zijenge njia ya kufika Pasifiki: mraba mmoja kwa kampuni, unaofuata unabaki wa serikali, kila mraba maili moja kwa maili moja. Miraba ya kampuni ikauzwa na mingi ikawa ranchi za watu binafsi. Ile ya serikali ni ya umma hadi leo, na mwenye leseni anaruhusiwa kuwinda humo. Tatizo ni kuifikia. Ramani zilizochorwa na kampuni ya onX mwaka 2022 zinaonyesha ekari zipatazo milioni 8.3 za ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi ambazo haziguswi na barabara wala njia ya wazi, isipokuwa kwa kupita kwenye pembe.

Mwaka 2020 na tena 2021, marafiki kutoka jimbo la Missouri walikwenda kuwinda wanyama wa jamii ya kulungu kwenye mlima uitwao Elk Mountain. Kwenye pembe moja walikuta nguzo mbili za chuma zimesimamishwa, mnyororo umefungwa kati yake, na mabango ya kukataza watu kuingia. Mara ya kwanza walizishika nguzo na kujizungusha hadi upande wa pili. Mwaka uliofuata walikuja wanne, wakiwa na ngazi. Waliitegesha juu ya pembe, wakapanda kutoka mraba wa umma na kuteremka kwenye mraba mwingine wa umma, na hakuna kiatu kilichogusa udongo wa mwenye ranchi. Walishtakiwa kwa jinai, na mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru. Mwenye ranchi alifungua pia kesi ya madai, akidai kwamba thamani ya mali yake imeshuka kwa zaidi ya dola milioni 7. Hoja yake ilikuwa kwamba hata hewa iliyo juu ya pembe ni yake. Mwaka 2023 jaji aliwapa ushindi wawindaji. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu hiyo, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 iliyotungwa kuwazuia wafugaji wakubwa kuzungushia ua ardhi ya taifa. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa ya mwisho.

Ninaona kesi hii inatufundisha jambo zito kuliko uwindaji wenyewe. Mali ya umma haidumu kwa sababu imeandikwa kwenye katiba au kupakwa rangi ya kijani kwenye ramani. Inadumu pale raia wa kawaida anapokuwa na sababu ya kuiingia mwaka baada ya mwaka, na anapojiona ameibiwa mlango unapofungwa. Miraba ile ilikuwa ya umma kwa zaidi ya miaka 150, lakini kiutendaji ilikuwa bustani ya jirani mwenye fedha. Waliolipigania suala hili hadi mwisho ni watu waliotaka kitoweo.

Mmoja wa wanyama wanaowindwa sana katika mapori hayo ni kulungu ambaye Wamarekani wamempa jina la baghala, kwa sababu ya masikio yake makubwa yanayogeuka kila upande kutafuta sauti. Anaishi kwenye nyanda kavu, vichaka na miteremko ya milima, na sehemu kubwa ya makazi hayo iko mikononi mwa serikali kuu, inayomiliki ekari zipatazo milioni 640, zaidi ya robo ya nchi nzima. Wanyama wenyewe husimamiwa na serikali za majimbo kwa niaba ya wananchi. Maombi yakizidi idadi iliyopangwa, leseni hutolewa kwa kura, na katika kura ya kawaida bahati ya fundi bomba haipishani na ya mmiliki wa benki. Uwindaji huu mara nyingi hufanywa kikundi, na sababu ni mzigo. Dume likianguka kilomita nane kutoka kwenye gari, kazi ndiyo kwanza imeanza: kuchuna kabla nyama haijaharibika, kutenganisha mapaja na mikono, kuitoa sarara ndefu ya mgongo, kuweka vyote kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, kisha kubeba mgongoni mteremko baada ya mteremko. Mtu mmoja atarudi mara mbili au tatu. Watatu watamaliza kwa safari moja. Majimbo hayo yana sheria zinazofanya kuitelekeza nyama iliwe na wala mizoga kuwa kosa, na mwindaji haruhusiwi kuiuza. Anaweza kuila, au kumgawia jirani.

Katazo la kuuza lilitokana na msiba. Katika karne ya 19 wawindaji wa kibiashara walijaza masoko ya miji nyama ya porini, na kufikia mwaka 1900 kulungu walikuwa wametoweka katika maeneo mengi walikokuwa wamejaa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya Lacey, iliyozuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikafuata sheria ya Pittman-Robertson: kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11, ikaanza kupelekwa majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Ni kweli kwamba wengi wanaolipa kodi hiyo leo hawawindi kabisa, wananunua risasi za kulengea shabaha, na hilo ni vyema likasemwa wazi. Hata hivyo, fedha hizo pamoja na ada za leseni ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya idara za wanyamapori za majimbo, kuanzia mshahara wa askari hadi kola za kufuatilia nyendo za wanyama.

Fedha pekee zisingetosha. Ushahidi ulionishawishi zaidi uko kwenye siasa. Januari 2017 mbunge wa Utah, Jason Chaffetz, alipeleka mswada wa kuuza ekari zipatazo milioni 3.3 za ardhi ya umma. Wawindaji na wavuvi, wengi wao wapiga kura wa chama chake, walimjia juu, na kabla wiki mbili hazijatimia akauondoa. Juni 2025 seneta wa jimbo hilohilo, Mike Lee, alijaribu kuingiza kwenye mswada wa bajeti mpango wa kuuza ekari kati ya milioni 2 na 3, akisema nchi ina uhaba wa nyumba. Uhaba huo ni wa kweli, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko mbali na maji, kazi na barabara, na aliyekuwa na uwezo wa kuinunua hakuwa mtu asiye na nyumba. Maseneta wa Idaho na Montana, wahafidhina kama yeye, walikataa kwa sababu wapiga kura wao huwinda huko. Mwezi haukuisha kabla mpango haujaondolewa. Wanamazingira wa mijini nao walipinga kwa nguvu, lakini chama kilichokuwa madarakani hakikuzoea kuwasikiliza. Kilimsikiliza mtu mwenye bunduki na leseni kwa sababu alikuwa mtu wake.

Wapo watakaosema: mnamtetea vipi mnyama kwa kumuua? Silipuuzi swali hilo, maana kulungu hawa kweli wamepungua katika maeneo mengi ya magharibi. Tuangalie, basi, nini kinawapunguza. Mwaka 2014 mtafiti Hall Sawyer alieleza safari ya kundi linalotembea takriban kilomita 240 kutoka nyika ya Red Desert hadi bonde la Hoback, kisha kurudi. Njiani kuna nyaya za ua, barabara kuu, visima vya gesi na nyumba za mapumziko. Karibu na mji wa Pinedale maelfu ya kulungu hulazimika kupenya mahali pembamba kati ya ziwa Fremont na makazi ya watu, sehemu ambayo nusura iuzwe kujengwa nyumba kabla shirika la The Conservation Fund halijanunua ekari 364 na kuzikabidhi kwa jimbo. Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 yaliua kulungu wengi mno magharibi mwa Wyoming kwa njaa na theluji, na idara ikapunguza leseni mara moja. Leseni hupunguzwa kwa uamuzi wa kikao kimoja. Kisima cha gesi hakipunguzwi hivyo, wala mtaa uliokwisha kujengwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Mwindaji ni takriban raia mmoja kati ya 20. Ikiwa idara inategemea ada yake, haitampendelea yeye na wanyama anaowapenda, na kumsahau chura, tai na mtalii mwenye darubini? Hatari hiyo ipo. Sheria ya Wyoming inayomtaka mwindaji wa jimbo jingine awe na mwongozaji mwenye leseni, au mwenyeji wa jimbo, katika nyika zilizotengwa, wakati mpanda mlima wa kawaida huingia peke yake, inaonyesha jinsi maslahi ya wachache yanavyoweza kuvaa joho la usalama. Risasi za risasi, yaani za madini ya risasi, zimewatia sumu kondori wanaokula matumbo yaliyoachwa porini. Lakini dawa ya mambo haya ni kurekebisha kanuni, na inawezekana. California imepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu 2019. Arizona ilichagua njia ya kuwashawishi wawindaji wa uwanda wa Kaibab kwa kuwapa risasi mbadala bure, na wengi wao wamekubali. Walikubali kwa sababu pori lile ni lao na walitaka kuendelea kuingia kwa heshima.

Kuna neno gumu zaidi: umma upi? Ardhi hiyo iliyoitwa ya taifa ilikuwa ya Wacrow, Washoshone, Waute na wengine, na mikataba waliyotia saini ilivunjwa. Mwaka 2019, katika kesi ya Herrera dhidi ya Wyoming, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki ya Wacrow kuwinda nje ya hifadhi yao, waliyoahidiwa katika mkataba wa 1868, haikufutwa Wyoming ilipokuwa jimbo. Kesi ilianza na mwindaji wa Kicrow aliyewafuata wanyama hadi ndani ya msitu wa taifa wa Bighorn kutafuta nyama ya kulisha watu wake. Anayesherehekea ushindi wa wale wanne wa Missouri na kuunyamazia huu hajaelewa anachokitetea. Haki ya Mcrow ni kongwe kuliko leseni yoyote, na hoja ya ardhi ya umma inakamilika pale tu anapohesabiwa ndani yake.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna kulungu huyu wala ubao ule wa drafti, lakini swali linatuhusu. Tanzania inasema kisheria kwamba wanyamapori ni mali ya wananchi, wameshikwa kwa niaba yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na utafiti uliochapishwa 2016 na Joseph Ogutu na wenzake ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyama wakubwa wa nyika zake walipungua kwa asilimia zipatazo 68. Sisemi marufuku ndiyo iliyowamaliza. Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, nyaya za ua zimesambaa na mitego haikukoma. Ninachosema ni kwamba kumtoa raia porini hakukuwa ulinzi. Wala sidai kwamba kila kijiji kigawiwe bunduki, kwa idadi yetu na silaha zinazozagaa mipakani. Lakini jirani wa pori anayeliwa mazao na tembo usiku, na asiyeruhusiwa kulikanyaga pori hilo mchana bila kuitwa jangili, atalitetea kwa lipi siku mwekezaji atakapokuja na ramani?

Mwaka 2020 Tanzania ilitunga kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori, na niliona ni hatua njema kuelekea kumrudishia mwananchi kilicho chake. Lakini ni kinyume cha Marekani, ambako nyama ya kulungu wa porini hainunuliwi na mwenye kuitaka lazima aende akaitafute. Mteja wetu anasimama mbele ya kaunta, nyama inapimwa kwenye mizani, inafungwa, anaondoka. Kitoweo amepata. Pori alikotoka mnyama yule hajaliona, halijui jina, na siku likiuzwa hatakuwa na habari.