Ukimpeleka mtoto kandandani, tazama lango kwanza

Nyumbani kwetu hapa Section 58 amani hutoweka kila wiki ya debi. Bwana wa nyumba ni Ingwe wa damu; nadhani alilisikia jina la AFC Leopards kabla ya kulisikia la babu yake. Kaka yangu naye, ambaye hufika kutoka Free Area kila Jumamosi kwa kisingizio cha kuwajulia hali wapwa zake, ni K'Ogalo wa kufa na kuzikana. Hawa wawili ni mashemeji wa kweli, na ni kwa sababu ya watu kama wao mchuano wa Gor Mahia na Leopards ukabandikwa jina la Debi ya Mashemeji. Waluhya na Wajaluo wameoana hadi hujui tena nani ni wa nani.

Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 11, amekwisha kutekwa na mjomba wake. Hulala na jezi ya kijani. Jumamosi iliyopita, tukiwa mezani, alitoa ombi ambalo nilijua lingekuja siku moja. Anataka kwenda Nairobi na mjomba akaione Gor kwa macho yake, amechoka na runinga.

"Aende," baba yake akasema, "lakini akae upande wetu. Kule kwenu ndiko fujo huanzia."

"Shemeji, umketishe mtoto wa kijani katikati ya chui?" kaka yangu akajibu. "Hata yeye mwenyewe hatakubali."

Wakaendelea hivyo hadi chai ikapoa, huyu akitaja kosa la mashabiki wa yule na yule akirudisha. Walibishana juu ya upande wa kuketi, jukwaa gani lina wahuni na lipi lina wastaarabu. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza mtoto ataingia kupitia wapi.

Mimi nililifikiria hilo tu, na nina sababu. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya debi hiyo hiyo, watu 7 walipoteza maisha yao katika uwanja wa Nyayo. Hawakuuawa kwa mawe ya mahasimu wao. Walifia langoni, umati ulipokuwa ukisukumana kuingia. Hata hivyo, ukiuliza watu juu ya fujo za Nyayo, wengi watakutajia ya tarehe 18 Machi 2012, wakati mchezaji wa Gor alipoonyeshwa kadi nyekundu, viti vikang'olewa, mechi ikasimama na Gor ikapigwa marufuku kutumia viwanja vya Nyayo na Kasarani. Viti vinavyoruka hewani huonekana na kila mtu. Langoni hakuna anayetazama.

Basi kila fujo zikitokea, husikika wimbo ule ule, kwamba mashabiki watenganishwe. Sisemi kwamba ni wazo baya. Tarehe 1 Februari 2012, mjini Port Said nchini Misri, mashabiki wa Al Masry waliwavamia wale wa Al Ahly baada ya kipenga cha mwisho na watu 74 wakaangamia. Wenyeji walikuwa wameshinda 3-1, msomaji wangu, na bado wakavamia. Penye chuki ya namna hiyo, ukuta ni lazima uwepo.

Lakini ukuta una ufundi wake, na ukijengwa ovyo huua kuliko mawe. Walioligundua hilo kwa uchungu ni Waingereza. Mnamo tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilikutana na Nottingham Forest katika nusu-fainali ya kombe, uwanjani Hillsborough, mjini Sheffield. Polisi walipanga mambo wasikutane, Forest upande wao na Liverpool wao. Mpango mzuri kwenye karatasi. Kwa sababu ya mpango huo, mashabiki wapatao 24,000 wa Liverpool walielekezwa kwenye vilango 23 tu vya kuzunguka, na katika hao, 10,100 waliokuwa na tiketi za kusimama walipaswa kupenya kwenye vilango 7. Fanya hesabu mwenyewe, kila kilango watu zaidi ya 1,400 kabla ya mpira kuanza.

Nje kukawa na msongamano wa kutisha. Kuupunguza, polisi walifungua lango kubwa, na umati ukamiminika moja kwa moja katika njia iliyoelekea kwenye vizimba vya katikati, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni, ilhali vile vya pembeni vilikuwa na nafasi. Mbele ya vizimba kulikuwa na ua wa chuma, uliowekwa ili wahuni wasiingie kiwanjani. Ua ule haukumbagua mhuni na mtoto wa shule. Watu walibanwa hapo hadi pumzi zikakatika. Idadi ya waliofariki sasa ni 97, maana mmoja aliishi na majeraha yake hadi mwaka 2021. Wakati yote hayo yakitokea, mashabiki wa Forest walikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, wakishangaa kuna nini.

Ukiona hiyo ni hadithi ya zamani, mfikirie Mwindonesia. Tarehe 1 Oktoba 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan huko Malang, mashabiki wa timu ngeni walizuiwa kabisa wasihudhurie. Huwezi kutenganisha watu zaidi ya hapo! Arema ikafungwa 3-2 nyumbani, baadhi ya mashabiki wake wakaingia kiwanjani, polisi wakafyatua vitoa machozi hadi majukwaani, na watu wakakimbilia milango ambayo ilikuwa myembamba na mingine kufungwa. Walikufa 135, karibu wote wakiwa wa upande mmoja.

Sasa turudi kwetu Nakuru, maana hapa swali la nani mwenyeji na nani mgeni lina kichekesho chake. Mji huu si mgeni katika kandanda. Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, na wakarudia mwaka 1969. Baadaye uwanja wa Afraha ukawa nyumbani kwa Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi wetu, mabingwa wa 2003, 2004, 2005 na 2010. Lakini Ulinzi walipokuwa wakiikaribisha Gor hapo Afraha, ungedhani wao ndio wageni. Wenyeji walikuwa na kikundi chao, na waliobaki wote ni kijani kitupu, watu wa Nakuru hii hii, majirani zangu. Mwaka 2018, wakati Gor ilipoibwaga Simba ya Tanzania 2-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup na kujipatia safari ya kucheza na Everton kule Uingereza, mji mzima ulishangilia kana kwamba ni mtoto wa Bondeni aliyefunga.

Katika uwanja kama ule, uliokuwa ukisemekana kuchukua watu 8,200 hivi kabla haujaanza kujengwa upya, utawatenganisha vipi? Ukiwagawia wageni kona moja, wageni ndio wengi. Ukigawa nusu kwa nusu, upande mmoja unafurika na mwingine unabaki saruji tupu. Aidha, hata pale mashabiki wanapokubaliana wenyewe nani aketi wapi, kama ilivyo desturi katika viwanja vyetu vingi, mpaka huo huanza mtu akishaketi. Kabla ya hapo wote walishuka kwenye stendi moja, wakapanga foleni moja ya tiketi, wakasukumana kwenye lango moja. Walikuwa sufuria moja, kisha ndani tukajifanya tumewapakua katika sahani mbili.

Wala lango halihitaji mahasimu ili liue. Tarehe 20 Oktoba 2023, hapo jirani Kericho, watu 4 walifariki alfajiri wakiingia uwanjani kwa sherehe za Mashujaa. Hapakuwa na Gor wala Ingwe. Kule Johannesburg, ambako mashabiki wa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates huchanganyika majukwaani kwa desturi, watu 43 walikufa uwanjani Ellis Park tarehe 11 Aprili 2001 kwa sababu umati uliokuwa nje ulilazimisha kuingia mechi ikiwa imeanza. Na mwezi Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashabiki wasio na tiketi walivunja vizuizi Kasarani hadi shirikisho la CAF likaamuru uwanja huo wa watu 48,000 uchukue 27,000 tu, wenye tiketi za kielektroniki. Sote pale tulikuwa tukiishangilia Harambee Stars!

Nitakueleza yaliyonipata mimi. Nikiwa mwanafunzi wa chuo nilienda na wenzangu kwenye mechi, katika uwanja ambao sitautaja. Lango lilikuwa na mbawa mbili, wakafungua ubawa mmoja nusu, ili mkaguzi aweze kuchana tiketi moja moja. Mpira ukaanza. Tuliokuwa nje tukasikia shangwe la bao, na hapo wa nyuma wakasukuma. Sikuanguka, maana hata nafasi ya kuanguka haikuwepo. Miguu yangu iliachana na ardhi, nikabebwa kama gunia, na kiatu kimoja sikukiona tena. Nakumbuka mwanamume aliyekuwa mbele yangu alijaribu kusema kitu, midomo ikacheza lakini sauti haikutoka. Tulipotemwa ndani alikaa chini akatapika. Mechi yenyewe siikumbuki.

Tangu siku hiyo neno mkanyagano hunikera kidogo. Linatufanya tudhani kwamba watu hufa kwa kukanyagwa, kwamba wapo wakatili fulani waliowapita wenzao juu. Ukweli ni kwamba wengi hufa wakiwa wima. Kifua hubanwa kisiweze kupanuka, na baada ya dakika chache mtu amekwisha. Watu wakizidi 5 au 6 katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayeutawala mwili wake. Umati unakwenda kama maji. Yule wa nyuma anayesukuma hana habari kwamba mbele kuna mtu anakata roho. Yeye anasikia shangwe tu.

Ndiyo maana nasema kazi ya kuwatenganisha mashabiki ianzie barabarani. Tiketi ziuzwe mapema na mbali na uwanja, zenye kutaja mtu aingilie lango lipi. Jezi ya kijani ielekezwe huku na ya buluu kule tangu wanaposhuka kwenye magari, wala wasikutane wakigombea kidirisha kimoja chenye mtu mmoja anayehesabu chenji. Kila lango liwe na mtu mwenye mamlaka ya kupiga simu na kusema: chelewesheni mpira dakika 20, huku nje kuna watu. Ni jambo rahisi lisilogharimu saruji. Kinacholikwaza ni kwamba klabu zetu huishi kwa mapato ya mlangoni, na mwenye njaa hapendi kumwambia mteja kwamba nafasi zimekwisha. Milango ya kutokea nayo iwe wazi mechi yote, na mwenye ufunguo asimame hapo hapo, asiwe ameenda kutazama penalti.

Sisi wazazi tuna yetu. Nilimweleza kaka yangu mbele ya mtoto. Wafike saa mbili kabla ya mechi, au wasiende. Wakikuta umati umesongamana langoni, wakae pembeni kabisa hata kama bao la kwanza litawapita. Wasiegemee ukuta wala ua, kwani hapo ndipo mtu hubanwa. Umati ukianza kuwabeba, mtoto ainuliwe juu mabegani, mikono ya mtu mzima iwe mbele ya kifua kama ya bondia ili mapafu yapate nafasi, na wasishindane na msukumo. Watoke kwa mshazari kidogo kidogo kila unapolegea. Kilichoanguka kiachwe, hata kiwe simu. Na wakishaketi, jambo la kwanza ni kutafuta kwa macho mlango wa kutokea ulio karibu, kabla ya kununua njugu.

"Dada, hii ni mpira ama ni vita?" kaka yangu akauliza.

Nikamwuliza tiketi zao ni za lango gani. Akanyamaza. Amekuwa akienda mechi tangu tukiwa watoto, na hakuwahi kulifikiria hilo. Huwa anafuata wenye kelele. Alitoka nje kupiga simu, akarudi na jibu ambalo hata yeye hakuonekana kuliamini sana, akaahidi kuuliza tena.

Mtoto ataenda. Nimemwandikia nambari yangu ya simu kwenye kikaratasi atakachotia ndani ya soksi, na amekariri mahali pa kusubiri wakipotezana, nje ya uwanja, mbali na lango. Alinisomea yote mara tatu bila kukosea, jambo ambalo hajawahi kufanya na jedwali la hesabu.

Baba yake alikuwa kimya muda wote huo, akijifanya anasoma gazeti. Mwishowe akasema basi naye ataenda, mtu hawezi kumwachia shemeji mtoto katika mambo mazito kama haya. Wataingia pamoja, watatu, wakiwa wamemweka mtoto katikati. Nani atakaa upande wa nani wakishaingia, hilo nimewaachia waliamue wenyewe ndani ya matatu, kuanzia hapa hadi Naivasha.