Mgonjwa anayepotea si mchawi wala mwizi: tuandike kanuni ya kambi

Huenda na wewe unamfahamu mmoja wao. Ni bibi anayefunga nguo zake kila jioni na kusema anarudi kwao Fizi kabla ya giza. Ni mzee aliyetoka usiku kwenda chooni akaonekana asubuhi kijiji cha tatu. Ni mtoto asiyesema, ambaye mlango ukiachwa wazi kidogo tu anakimbia moja kwa moja hadi kwenye maji.

Sisi wahamasishaji wa afya tunawakuta watu hao tunapopita nyumba kwa nyumba. Msimu wa mvua uliopita bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alipotea saa moja jioni. Familia yake iliona aibu, wakamtafuta peke yao hadi usiku wa manane. Alfajiri alikutwa nje ya kambi, uani kwa watu wasiomjua. Hakuweza kujieleza, kwa sababu lugha iliyobaki kichwani mwake ni Kibembe tu. Wenye nyumba walidhani ni mchawi, wakampiga fimbo. Alipona, lakini mkono wake mmoja haunyooki tena.

Bibi huyo hakuwa na pepo. Alikuwa mgonjwa wa ubongo. Ugonjwa huu mara nyingi hufuta kwanza mambo ya juzi na jana, na kuacha ya zamani. Ndiyo maana mgonjwa haitambui nyumba ya hapa kambini, anakwenda kuitafuta ile anayoikumbuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na magonjwa ya aina hii, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi zisizo tajiri. Kwa watoto, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji waliwahi kutoroka au kujaribu kutoroka baada ya kutimiza miaka 4. Si kwamba wazazi wao ni wazembe.

Huko Marekani jambo hili limetungiwa sheria. Mwaka 2008 mtoto Kevin Wills wa jimbo la Iowa, mwenye miaka 9, alitoka akaingia mtoni akafa maji. Mwaka 2013 Avonte Oquendo, mwenye miaka 14, alitoka shuleni New York bila kuzuiwa, na mwili wake ulipatikana mtoni miezi mitatu baadaye. Wote wawili walikuwa na usonji. Mwezi Machi 2018 ikapitishwa sheria yenye majina yao. Inaruhusu serikali kutoa fedha za kufundisha polisi na jamii jinsi ya kuzuia kupotea na jinsi ya kutafuta, na za kununua vifaa vya kumfuatilia mgonjwa kama familia yake inataka. Hailazimishi mtu kuvaa kifaa. Inawahusu pia wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Utaniuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tusio na hata betri ya tochi? Yanatuhusu kwa sababu kiini cha sheria ile si kifaa. Kiini chake ni kwamba watu wafundishwe kabla mtu hajapotea, na kwamba mgonjwa alindwe bila kunyang'anywa heshima yake. Hayo tunayaweza.

Hapa Uganda pia sheria zipo. Mwaka 2008 nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 11 kinataka watu hao walindwe wakati wa vita na dharura, na kifungu cha 14 kinasema ulemavu hauwi sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Lakini karatasi iliyoko Kampala haiwezi kutoka usiku kumtafuta bibi. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kila kijiji cha kambi kipitishe kanuni yake katika mkutano wa wakazi, mwenyekiti aiandike, na kila nyumba iijue. Napendekeza mambo matano.

1. Taarifa itolewe mara moja. Ukimtafuta robo saa bila kumwona, mwambie mwenyekiti na VHT. Usingoje asubuhi, usione aibu.

2. Maji kwanza. Mtoto akipotea, watu waende kwanza kwenye ziwa, mabwawa, visima na mashimo ya matofali, ndipo watafute pengine. Mzee atafutwe pia katika njia aliyozoea na vichakani kando yake.

3. Hakuna kupiga. Anayekutwa amechanganyikiwa akalishwe, apewe maji, na viongozi waitwe. Wenyeviti wetu wakae na wenyeviti wa LC1 wa vijiji vya jirani, wenyeji nao wajue.

4. Alama ndani ya nguo. Familia ikikubali, ishone kitambaa chenye jina la kijiji, namba ya nyumba na namba ya simu.

5. Hakuna kufunga kamba.

Hili la mwisho najua litapingwa. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nisipomfunga, siku ya mgao nitamwacha na nani?" Sikuwa na jibu. Mama huyo si mkatili. Kamba ile inamchubua mtoto miguu, na moto ukiwaka hawezi kukimbia, lakini mama hana mtu wa kumsaidia. Tukimkataza kufunga halafu tukaenda zetu, kanuni yetu itakuwa ya uongo. Kwa hiyo nyumba nne au tano za jirani zipange zamu ya kukaa na mgonjwa siku ya mgao, siku ya kuni na siku ya kliniki. Bila zamu, jambo la tano lisiandikwe.

Ndugu msomaji, katika mkutano ujao wa kijiji chako nyoosha mkono uulize: hapa kwetu ni nani anayepotea, na akipotea usiku wa leo nani atatoka kumtafuta? Kama hakuna anayeweza kujibu, anzeni kuandika kanuni siku hiyo hiyo.