Kujenga Kanisa bila Mshauri

Liko jambo linaloziharibia sharika zetu nyingi huku Bukoba. Nayo ni desturi ya kuanza kujenga kanisa pasipo kumwita mtu ajuaye mambo ya majengo, na kumlipa, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Nikilitaja jambo hili kikaoni, wako wazee wanaokunja nyuso. Husema, "Fedha ya sadaka si ya kumlipa mtu wa kuchora makaratasi, ni ya mawe na mabati." Wengine husema neno zito zaidi, ya kwamba kumtafuta mshauri ni upungufu wa imani, kwa kuwa nyumba ni ya Mungu, naye ndiye ajengaye. Neno hili la pili lapendeza masikioni, na ndiyo sababu nitalijibu kwanza.

Nani kati yetu atathubutu kusema ya kwamba Wakristo wa Buganda walipungukiwa na imani? Jirani zetu hao walijenga juu ya kilima cha Namirembe kanisa kubwa la miti na majani. Mwaka 1894 dhoruba ikaliangusha. Wakajenga jingine, mchwa wakalishika hata ikawapasa kuliacha. Wakajenga tena, mara hii kwa matofali, machifu na watu wao wakibeba mizigo kichwani pamoja, likawekwa wakfu mwaka 1904. Walakini paa lilikuwa la majani, na mwaka 1910 radi ikalipiga, likateketea. Hapo ndipo walipopata ramani ya mjuzi wa majengo wa Uingereza, Temple Moore, na kanisa lililomalizika mwaka 1919 lasimama hata leo. Sisemi ya kwamba mjuzi huzuia radi. Hata lile la 1904 lilikuwa na msimamizi ajuaye kazi yake. Nasema hivi tu: imani ya watu wale ilikuwa ile ile tangu mwanzo hata mwisho, wala mchwa hawakuiuliza.

Nao wazee wanaoyapenda Maandiko, na wakumbuke ya kwamba Sulemani, pamoja na hekima yake yote, alipeleka watu Tiro kumwita fundi mjuzi wa shaba. Na Bwana wetu mwenyewe aliponena habari za mtu atakaye kujenga mnara, hakumsifu kwa haraka yake; alisema juu ya kuketi kwanza na kuhesabu. Basi mwenye kuhesabu amekuwaje kafiri?

Sasa nije kwa fundi wetu wa kijiji. Sina neno baya juu yake. Nyumba tunazolala alizijenga yeye, nazo hazivuji. Lakini twamtwika asichofundishwa, kisha nyumba ikianguka twamlaumu. Nami kwa kuwa nafundisha hesabu, na nieleze kwa hesabu. Chumba cha nyumba zetu, tuseme, kina upana wa mita 4. Kanisa la watu mia tatu au mia nne huhitaji upana wa mita 12, pasipo nguzo katikati, ili kila mtu aione madhabahu. Fundi huona ya kwamba upana umeongezeka mara 3, naye huongeza ubao kwa kadiri hiyo, akidhani ametenda vema. Walakini boriti inayobeba mzigo ulioenea sawasawa, urefu wake ukiongezwa mara 3, nguvu ya kuipinda haiongezeki mara 3; huongezeka mara 9. Kosa hili halionekani siku ya ufunguzi. Bati huwekwa, kwaya huimba, mbuzi huchinjwa. Kisha, mwaka wa tatu au wa nne, kenchi zaanza kulegea katikati, na miguu yake, kama haikufungwa barabara, yazisukuma kuta nje kidogo kidogo. Ufa hutokea juu ya dirisha. Mzee huuziba kwa saruji, akaupaka chokaa, akashukuru.

Ufa ule si wa kupakwa chokaa, sisi watu wa Kagera tumekwisha kufundishwa. Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka hapa kwetu, watu zaidi ya kumi wakafa, na nyumba maelfu zikavunjika au kupasuka. Twajua zilizoumia sana: zile za matofali yaliyopangwa tu, zisizofungwa kwa mkanda wa zege na nondo kuzunguka juu ya kuta. Mkanda ule si kitu kigeni wala cha ajabu. Mjuzi angeuandika katika ramani kwa mstari mmoja, na gharama yake ingejulikana tangu mwanzo. Mtu asiyejua huuacha ili apate fedha ya mnara wa kengele.

Tena kuna hasara nyingine isiyoua mtu, lakini yaua moyo wa kutoa. Naujua usharika mmoja, jina lake silitaji, waliochanga kwa miaka mingi, wakauza ndizi na kahawa, wajane wakaleta kuku. Walianza kanisa kubwa kuliko nguvu zao, kwa kuwa usharika wa jirani una kubwa. Kuta zilifika linta, fedha ikaisha. Leo majani yameota ndani kwa urefu wa mtoto, na matofali ya juu yamelowa mvua hata yanamomonyoka. Sasa mchango ukitangazwa, watu hutazama chini. Mshauri angeuliza tangu siku ya kwanza: mko wangapi, mwatoa kiasi gani kwa mwaka, na kazi yaweza kugawanywaje, ili kila sehemu ikimalizika ifunikwe na itumike yenyewe hata sehemu nyingine ipate fedha? Hakuna aliyeuliza. Waliuliza tu rangi ya bati.

Waniambia, mshauri ni ghali. Ni kweli, hafanyi kazi bure, wala haifai tumwombe afanye bure kwa jina la Yesu. Mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini linganisheni ujira huo na kuta zile zilizoota majani, kisha mniambie ni upi ughali.

Hapa niwaonye pia wale wanaokubaliana nami upesi mno, maana wako. Si kila ajiitaye mshauri ni mshauri. Akija mtu atakayechora, kisha yeye huyo ndiye atakayejenga, na ndugu yake ndiye muuza saruji, huyo ni mfanyabiashara, ingawa ana kalamu mfukoni. Mshauri apokee ujira kwa usharika peke yake, na jina lake liwe katika daftari la bodi ya serikali inayosajili wabunifu wa majengo na wakadiriaji, au ile ya wahandisi. Achimbe mashimo kiwanjani autazame udongo kabla ya kuchora msingi. Alete hesabu ya vifaa iliyoandikwa, si ya mdomo. Aje tena wakati wa msingi, wa linta na wa paa, naye alipwe kwa mafungu kila ajapo. Mkimlipa yote mbele hamtamwona tena.

Wala asipewe kazi ya kutuamulia tunataka nini. Hilo ni letu, na katika hilo mama zetu waulizwe kabla ya wazee. Wao ndio wanaokaa na watoto wachanga mlangoni, wao ndio wanaoleta maji ya ujenzi kutoka bondeni. Sijapata kuona kamati ya ujenzi iliyowauliza mlango uelekee wapi.

Katika usharika wetu kikao cha makisio ya mwaka ujao kitakuwa mwezi wa Novemba. Nimekwisha kumwandikia mweka hazina ombi langu, ya kwamba fungu la mshauri liandikwe juu ya fungu la matofali. Mzee mmoja ameniambia waziwazi ya kuwa atalipinga. Na alipinge, ni haki yake. Lakini asimame mbele ya watu wote, atuambie pia, katika kiwanja kile karibu na matete, mita mbili chini ya majani, upo udongo gani.