Chakula ya Kobole Isiende na Gavana

Na kobole, Nairobi ya leo, hupati hata mandazi. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya umma anagonga bangili yake kwa mashine, shilingi tano inakatwa, anapewa sahani moto ya wali na ndengu ama maharagwe. Hiyo ndiyo Dishi na County. Ilianza 2023, mzazi analipa hiyo tano, na gharama iliyobaki inabebwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. City Hall inasema watoto wanaokula wamepita 300,000.

Sasa mwambie mtu unaipenda hiyo programu, uone. Anakuuliza, "Kwani wewe ni wa Sakaja?" Manze, mimi si wa mtu. Takataka za mtaani naziona kama wewe. Lakini hilo swali ndilo linaniogopesha, kwa sababu linamaanisha tumekubali kwamba sahani ya mtoto ni mali ya mwanasiasa, na akienda anaenda nayo.

Hatujaanza jana. Uliza mathe ama mzee wako kuhusu maziwa ya Nyayo. Moi alianza kugawa pakiti za maziwa shuleni 1979, bure, zikiwa na jina la siasa yake. Miaka ya 90 pesa ikakauka na maziwa yakapotea. Wazazi wetu wamebaki na stori tu.

Halafu 2022, hii tunaikumbuka wenyewe. Julai, wiki chache kabla ya kura ya Agosti 9, Uhuru anatangaza pakiti ya kilo mbili ya unga itoke 205 ishuke hadi 100. Unga ya soo! Ukiingia duka unaambiwa haijafika, ukienda supamaketi unakuta rafu tupu ama unaambiwa usichukue zaidi ya pakiti kadhaa. Kura ikapigwa. Septemba 13, Ruto anaapishwa Kasarani na anasema unga peke yake umekula bilioni 7 kwa mwezi mmoja na haukusaidia kitu. Ruzuku ikaisha.

Hapo kwa "haukusaidia" siwezi kubisha sana, maanake wengi wetu huo unga hatukuuona. Lakini angalia tuliletewa nini badala yake: mbolea, gunia kutoka 6,500 hadi 3,500. Ni poa kwa mkulima wa Kitale. Mtu wa Kangemi anayelipa kodi ya chumba kimoja aiweke wapi, kwa ndoo ya sukuma pale mlangoni? Mwenye anakula kwa kununua alisahaulika, na sisi wa jiji karibu wote tunakula kwa kununua. Mwishowe hata wakulima wenyewe, 2024, wengine wakauziwa mbolea feki. Hiyo ni stori ya siku ingine.

Rudi kwa kobole. Septemba 2025, MCA walikuwa wamekusanya sahihi za kumtimua Sakaja. Ruto na marehemu Raila wakaingilia kati, mambo yakatulizwa. Angetimuliwa ama asitimuliwe, hiyo ni kazi yao. Swali langu lilikuwa moja: Jumatatu inayofuata, nani anawasha jiko?

Na mwenye atataka kulizima, kisingizio kiko tayari. Jedwali la Nne la Katiba linapea kaunti chekechea. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Hoja ya aina hiyo ilitumika Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipoambia kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu. Kwa hivyo gavana mpya hahitaji kusimama mbele ya kamera aseme "nanyima watoto chakula." Atasema tu "nafuata sheria," na sufuria zitapoa.

Lakini Katiba hiyo hiyo ina Kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya kutokaa njaa, na cha 53, kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Sijawahi kusikia mwanasiasa akikimbilia hizo mbili.

Msiniambie hii ni shida ya Afrika. Marekani, Novemba 2025, wanasiasa walikuwa wamefunga serikali wakigombania bajeti, na watu kama milioni 42 wanaopata msaada wa chakula wakaanza mwezi bila kujua kama pesa itaingia. Tofauti ni kwamba huo msaada uko kwa sheria, ndiyo maana kuna watu walienda kortini na majaji wakaamuru serikali itumie pesa ya dharura. Sisi ile unga ya soo ilipoisha, ungeenda korti gani? Na ushahidi upi, video ya mkutano wa siasa?

Wale wanaosema watoto wasizoeshwe kusaidiwa, mbunge anakula ruzuku kwa mkahawa wa Bunge na hakuna mtu anamwambia atazoea.

Kasoro ya kweli ya Dishi na County mbona haipigiwi kelele? Inalisha shule za umma. Kawangware, Kangemi na Kibera zimejaa shule ndogo za mabati, zile za kibinafsi za ada ya chini, kwa sababu za umma hazitoshi. Mtoto wa huko hana bangili. Anasikia tu harufu ikipita na gari la chakula. Mpinzani wa Sakaja mwenye akili angeanzia hapo: nitaongeza hao. Badala yake tutasikia "programu ya Sakaja" mpaka Agosti 2027.

Makadirio ya bajeti lazima yafikishwe kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla yapitishwe wananchi lazima wasikizwe. Huwa tunawaachia wazee na watu wa MCA. Ukishuka Kencom, City Hall ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ingia, omba kuona laini ya chakula cha shule, na uulize ni sheria gani inailinda gavana akibadilika. Wakikuzungusha, rekodi, unitumie.