Harambee Si Bajeti ya Maktaba

Napinga desturi yetu ya kuwamwagia sifa wananchi wanaochangisha fedha kuiokoa maktaba ya mji wao, ilhali wenye dhamana wameketi jukwaani wakipiga makofi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Halikutaja hisani. Kaunti inapomwachia mwalimu mstaafu afungue mlango bila malipo, na akina mama wa chama walipie umeme, huo si ushirikishwaji wa umma. Ni kukwepa wajibu.

Wapo watakaonikumbusha kuwa umoja ni nguvu. Nakubali. Lakini harambee hununua rafu leo. Haimwajiri mkutubi wa kudumu, wala haileti vitabu vipya kila mwaka. Tena, mji wenye matajiri utachanga, na wa maskini utafunga maktaba yake. Je, mtoto asiye na taa nyumbani asome kwa kutegemea mfuko wa jirani?

Wanaojitolea wanastahili heshima, na heshima yao ya kwanza ni fungu la maktaba katika bajeti. Wanafunzi, hudhurieni vikao vya bajeti vya kaunti mkaliulizie. Nanyi watumishi wa umma, jibuni kwa tarakimu.